Kivuli cha Kamba

Siku ya kwanza sikupewa joka la kuchora,
wala jini, wala mji wa kulipua.
Nilipewa kamba.

Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi na misumari,
mtaa wa nyuma ya stendi ya Moshi:
kompyuta nne, feni moja,
dirisha limezibwa kwa blanketi
jua lisije likadanganya rangi kwenye skrini.
Lyatuu akavuta kiti.
"Unamwona kijana huyu anayeruka ukuta?
Haruki. Ananing'inizwa.
Futa kinachomning'iniza."

Sekunde sita.
Kila sekunde, picha ishirini na nne.
Hesabu hiyo niliipiga kwa shingo na kiwiko,
naokota chembe ya ukuta pembeni
naibandika pale kamba ilipopita,
kisha nyingine, kisha nyingine,
kama mtu anayechota udongo wa ukuta
kuziba ufa wa ukuta huohuo.

Nilikuwa nimekuja na flashi,
ndani yake dakika moja na nusu ya maisha yangu:
mpira unaodunda (mwezi mzima nikiutafutia uzito),
kuku anayetembea,
mwanamke anayeinua ndoo,
bega lake likishuka kabla ndoo haijapanda.
Lyatuu hakusifu. Hakuuliza cheti.
Alirudisha nyuma, pale kwenye bega, mara tatu.
"Hili umeliona wapi?"
"Nyumbani. Kiboriloni."
"Jumatatu uje."

Hapa kila mtu ana kipande chake tu.
Aikande hutia mifupa ndani ya watu wasio na nyama.
Mbwana hupanga mwanga; jua lake ni tiifu,
hukaa saa kumi jioni mpaka aseme basi.
Usiku mashine hubaki zikipika picha peke yake
nasi tunalala tukiomba
TANESCO wasitukumbuke.

Juzi mteja wa matangazo alituletea Kibo.
"Ongezeni theluji kidogo."
Mbwana akaongeza.
"Kidogo tena."
Nikainua pembe ya blanketi, nikachungulia.
Mlima ulikuwa wazi asubuhi ile,
na upara wake wa kahawia.
Nikaishusha pembe.
Ankara ililipwa.

Mwisho wa mwezi nikamleta mama.
Mama anauza mitumba Memorial:
hununua koti lenye tundu,
hulitililia kwa uzi alioung'oa
kwenye pindo la koti lenyewe,
na mnunuzi hapati pa kutia kidole.
Nikamkalisha kwenye kiti changu. Nikabonyeza.
Kijana akaruka, ukuta mzima,
mikono wazi, hana deni na ardhi.

"Sasa wewe umefanya nini hapo?"
"Hapo usipoona kitu, mama. Hapo ndipo mimi."

Akaiinamia skrini kama anayekagua suruali.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Rudisha tena, polepole."
Kisha ukucha wake, wenye makovu ya sindano,
ukagota chini kabisa, penye vumbi, miguuni mwa ukuta.

"Na huu mstari?"

Kivuli.
Kamba nimeifuta, kivuli chake
bado kinaburuzika ardhini,
chembamba, hakina mwenyewe,
picha kumi na tisa.

Lyatuu alikuwa amesimama nyuma yetu,
kikombe mkononi, chai ya maziwa imeshaota utando.
Kazi ile alikwisha kuipitisha. Sote tuliipitisha,
tukapigana viganja.
Mimi hakunitazama.
Alimtazama mama, kitambo,
halafu akamvutia kiti cha Aikande, chenye mto.
"Kaa vizuri, mama.
Kuna sekunde nyingine arobaini."

Mama akaangalia saa.
"Nimeacha mzigo sokoni," akasema,
na mkoba tayari alikuwa ameuweka chini.